Kanga Kwenye Faili la Kaya

Kabla Imakulata hajaleta ustaarabu, ofisi ile ya usajili pale Majengo, Mpanda mjini, ilikuwa vurugu tupu. Watu watatu, Imakulata akiwemo, na kila mmoja na disketi yake mfukoni kama anaficha ugoro. Kazi yao ilikuwa kutunza databesi ya wakimbizi wa Kirundi, na databesi haijiendeshi. Inataka skripti, yale maagizo yanayoandikwa ili mashine ijue ipange nini na ichapishe nini. Skripti moja ungekuta imezaa na kujukuu: kaya, kaya mpya, kaya mpya kabisa, kaya ya Nyanda msiguse. Ukiuliza ipi ndiyo yenyewe, kila mtu anakwambia yake.

Hiyo ya kaya ndiyo ilikuwa roho ya ofisi, maana ndiyo iliyounganisha watoto na wazazi wao. Mtaalamu aliyeiandika Dar es Salaam alidhani watu wote duniani huitwa kwa jina la baba. Warundi je? Kila mtoto na jina lake, tumbo moja majina saba. Leonidas, mume wa Imakulata, Mrundi aliyeingia Tanzania mwaka sabini na mbili akiwa mvulana wa miaka kumi, ameshikwa mkono na mama yake, akaketi akairekebisha, ikawa inafuata namba ya kadi ya makazi ya wakimbizi badala ya jina. Wiki ileile Nyanda akachomeka disketi yake ya zamani, akaifuta kazi yote ya mwenzake pasipo kujua, na ripoti ikatoka inasema makazi mazima ni ya yatima. Yotham, mkuu wa ofisi, Mfipa mpole ambaye huwa haongezi sauti, siku hiyo aliiongeza.

Ndipo Imakulata alipoleta kile alichojifunza kozini Arusha. Skripti zote zikawekwa mahali pamoja kwenye mashine kubwa. Ukitaka kubadilisha moja, unalichukua faili lake, na mashine inalifunga kwa jina lako. Wengine watasoma, watatumia, lakini hawagusi, mpaka ulirudishe na uandike umebadilisha nini na kwa nini. "Andikeni sababu ambayo hata mtu asiyewajua ataielewa," aliwaambia.

Nyanda alijikuna shingo. Alikuwa Msukuma wa kucheka kwanza na kufikiri baadaye, na alipanga kwenye nyumba ya wapangaji wengi na choo kimoja.

"Kwa hiyo ni kanga ya chooni, shemeji," akasema. "Ukikuta kanga imetundikwa mlangoni, kuna mtu ndani. Unabana, unasubiri."

Walicheka mpaka Yotham akachungulia. Tangu siku hiyo hakuna aliyesema tena faili limefungwa. Ilikuwa, nani katundika kanga kwenye kaya? Wewe, shusha kanga, wenzako tuna haraka.

Basi mwaka tisini na tatu kule Burundi watu wakapiga kura, na Warundi wa Mpanda wakaanza kuota. Leonidas alitaka akaone kilima cha baba yake, aone kama kuna mahali pa kusimamisha nyumba. Mwanzoni mwa Oktoba alijifungia begi dogo, akalichukua faili la kaya, akalitia kwenye disketi ili akapate cha kufanya njiani iwapo atakuta kompyuta.

"Lirudishe kwanza, Baba Fabrice," Imakulata alimwambia. "Shusha kanga ndipo uende."

"Iache pale. Wajue nipo, ninarudi."

Akapanda treni ya kwenda Kaliua, aunganishe pale na ile itokayo Tabora hadi Kigoma. Kabla Oktoba haijaisha, redio zikatangaza mauaji Burundi, kilima kwa kilima. Leonidas hakuandika, hakutuma salamu, hakuna aliyemwona. Watu walipompa Imakulata pole alikuwa mkali. "Pole ya nini? Mtu yuko safarini." Nyumbani hali ilikuwa hiyohiyo. Mama mkwe wake, aliyemwita mabukwe kama Warundi wanavyoita, alisema hajaona kaburi wala hajaona mtu aliyeona kaburi, kwa hiyo halii. Wanawake wale wawili waliishi hivyo, kila mmoja akimchunga mwenzake asiwe wa kwanza kuangua kilio.

Kisha wakaja wenyewe, wale waliokimbia. Walivuka ziwa wakashukia Karema, malori yakawaleta Mpanda na vumbi lao. Na skripti ya kaya, ile ya Leonidas, ikafa maji. Ilitafuta namba ya kadi, na wageni hawa hawakuwa na kadi ya aina yoyote. Kila mtoto akahesabiwa peke yake, hana mama, hana baba. Watoto wa namna hiyo walikuwa wanakusanywa kwenye hema kubwa la mapokezi, wapelekwe kituo cha watoto kilichokuwa mwendo wa siku nzima kwa lori.

Mama mmoja, Joséline, alikuja mpaka dirishani mwa ofisi amemshika mwanawe Dieudonne mkono.

"Wanasema karatasi inasema si wangu," alisema, Kiswahili chake kikiwa bado cha kuunga. "Wakati namzaa, hiyo mashine ilikuwepo?"

Imakulata aliliandika jina la mtoto chini ya la mama kwa mkono, akagonga mhuri, akamwambia asiwe na wasiwasi. Yotham alingoja mama yule aondoke ndipo akasema lile ambalo alikuwa amelimeza kwa siku nyingi.

"Skripti ya kaya lazima ibadilishwe. Kufuli lina jina la Leonidas, na mwenye ruhusa ya kulivunja ni wewe tu."

"Atarudi alifungue mwenyewe."

Yotham aliangalia viatu vyake, akatoka. Nyanda, kwa huruma yake, akavuta kiti. "Tuandike kaya nyingine pembeni, shemeji. Ya jamaa tuiache palepale na kanga yake."

Hapo ndipo Imakulata alipokosea, na alijua anakosea. Ileile tabia ya kaya mpya kabisa ambayo aliipiga marufuku kwa mdomo wake, akaikubali, kwa sababu ilimpa nafasi ya kupumua. Skripti ya pembeni ikaandikwa, ikafanya kazi vizuri kwenye mashine yao. Lakini mashine ya mapokezi kila asubuhi ilichota skripti kutoka mahali pale pamoja alipopapanga yeye mwenyewe, na pale kaya ilikuwa moja tu, ya Leonidas. Walishughulika na wageni wengi, hakuna aliyelikumbuka hilo.

Lori la watoto lilipopakia, Dieudonne alikuwa juu. Karatasi ya mkono yenye mhuri haikuonekana, na dereva alisoma orodha iliyochapwa, hakusoma sura ya mtu. Imakulata alisikia injini ikinguruma, halafu ikazimwa. Akatoka nje. Joséline alikuwa amelala chali mbele ya tairi, mikono kifuani, macho wazi. Hakuwa analia wala hakumtukana mtu. Alikuwa amelala tu, na dereva amekaa juu kule, hajui afanye nini na mikono yake. Mtoto alikuwa ameshika ubao wa lori, anaita.

Imakulata aliona aibu ya kumkata maini. Mume wake yeye alikuwa anamlinda kwenye mashine, na mtoto wa mwenzake alikuwa anaondoka.

"Dereva, ngoja," alisema. "Usiwashe mpaka nikuambie."

Akaingia ndani, akakaa, akaandika amri ya kuvunja kufuli. Alikuwa amesahau kwamba mashine ingeuliza. Iliandika kwamba faili hili limefungwa na Leonidas. Eleza sababu ya kulivunja. Mwenye kufuli atapelekewa barua. Ukimaliza, weka nukta peke yake kwenye mstari.

Aliandika, Yuko safarini. Akaifuta. Mtu asiyemjua angeuliza, kama yuko safarini, si mngoje? Nyanda alikuwa amesimama nyuma yake, kofia mkononi. Imakulata alikosea herufi za jina ambalo alikuwa amelala nalo miaka tisa.

"Baba Fabrice," aliandika, "kuna watoto mlangoni. Ungekuwa hai ungeshusha kanga mwenyewe."

Akashuka mstari, akaweka nukta. Mashine ikajibu kwamba barua imepelekwa.

Waliibadilisha kaya pamoja, yeye anasoma, Nyanda anaandika, wakaunganisha watoto kwa jina la mama aliyewashika mkono. Orodha mpya ikachapwa. Yotham akaipeleka nje mwenyewe, na Dieudonne akateremshwa. Joséline hakuja kushukuru. Alimbeba mwanawe akaenda naye, mtoto mkubwa namna ile, miguu inaburuzika.

"Pole, shemeji," Nyanda alisema.

Imakulata akajibu, "Asante."

Lilikuwa neno moja, lakini aliyeitikia pole amekubali msiba, na Majengo habari haikai. Jioni, alipokaribia kwake, alikuta wanawake wa jumuiya wamemtangulia, wana mikeka kwapani na sufuria kichwani, wamejazana kwenye uzio. Mabukwe alikuwa uani anachagua maharage. Aliinua macho akawaona, akaona mikeka, akaweka ungo chini taratibu.

"Karibuni," alisema. "Nyie, mnakwenda kumlilia nani?"

Wakampisha Imakulata apite mbele, amwambie.