Nzi Juu ya Buli la China

Mama Hillegond, jirani wa ukuta kwa ukuta, aliwaapia wauza samaki wa mfereji mzima kwamba nzi waliingia wenyewe kwenye tanuri la Lubbert, mchoraji wa vyombo vya kauri, wakatua juu ya buli jeupe la China, na moto usiwaunguze hata bawa. Kwa macho yake aliwaona, na mmoja alimkonyeza.

Machtelt, mpwa wa Lubbert aliyejifunza kazi kwake, aliposikia alicheka, akaendelea kuosha burashi. Yaliyotokea aliyajua yeye, maana kosa lilikuwa lake. Mjomba Lubbert alimpa buli lile achore mawaridi peke yake, kwa mara ya kwanza. Akiliharibu, atarudi kusaga rangi mpaka aote mvi. Kwa furaha akasahau kumuuliza mwenye mali, mjane Bregje, swali ambalo wachoraji wote wa Amsterdam huanza nalo: limeshanywewa chai? Kauri iliyotumika nayo hunywa chai, na ikirudi motoni huitema kwa madoa.

Basi buli likatoka tanurini na mawaridi ya kupendeza, na madoa meusi kama mtu kalinyunyizia pilipili manga.

Mjomba hakugomba. Alisema tu kwamba mwenyewe akija watamwomba radhi, akaenda zake kunywa bia. Machtelt akabaki akiyatazama madoa. Kadiri alivyoyatazama ndivyo yalivyoota miguu. Akashika burashi nyembamba kuliko zote, doa hili akalipa mabawa, lile akalipa miguu, la karibu na mkono wa buli akaligeuza nyuki. Kisha akalirudisha buli tanurini, kwa moto wa taratibu.

Bregje alipofika, jambo la kwanza alipunga leso kumfukuza nzi. Nzi hakubanduka. Akapunga tena. Halafu akajibwaga kitini, akacheka mpaka kofia ikamwendea upande.

"Lubbert, mzee wangu, kwako kuchafu mpaka nzi wamegeuka kauri," alisema, akifunua kikapu chake. "Vikombe vya buli hili hivi hapa, vipya. Nitilieni nzi hawahawa."

Machtelt akangoja mpaka mgeni atoke na buli lake kifuani.

"Mjomba, hivyo niachie mimi. Vyote, waridi na wadudu."

Mjomba alikuwa ameinua kikombe kimoja dirishani, chembamba hata vidole vyake vilionekana upande wa pili. Alikizungusha polepole, akitabasamu, kisha akamkabidhi Machtelt.