Bakuli la Vioo vya Lori

Rukiah na Odyek hawakujuana kabla karakana ya vioo ya Bugolobi haijawaalika wakae huko pamoja na kutengeneza kazi moja ya ubia. Rukiah, Mnubi wa Bombo, alikuwa fundi wa kuyeyusha kioo. Odyek alitoka Lira, mchongaji wa kalibu za kuundia vyombo. Baba yake alikuwa mwanajeshi. Kiswahili alikulia nacho kambini.

Kaka yake, Okullo, alikuwa dereva. Alifariki lori lake lilipopinduka, na mabaki ya lori hilo yalikuwa bado kwenye gereji moja Kisenyi. Odyek aliruhusiwa kuchukua vioo vya milango kabla vyuma havijakatwa. Waliviyeyusha kwenye kalibu, likapatikana bakuli pana, zito, la kijani hafifu. Mama yao huko Lira alikuwa ameshatenga mahali pa kuliweka.

Lakini kioo kinene hakitolewi kikiwa moto. Hubaki tanurini siku kadhaa, joto likipunguzwa kidogo kidogo. Kikipoa haraka, hupasuka. Asubuhi ya pili, wakiwa wanakunywa chai, umeme ulikatika.

Odyek alivuta kamba ya jenereta mpaka kiganja kikachubuka. Ilikohoa, ikanyamaza. Rukiah akapiga simu kwa watu wa umeme. Wakamwambia transfoma imeungua, asubiri. Wakalifunika tanuri kwa kila blanketi walilopata.

"Dada, tufungue tuone?"

"Tukifungua ndiyo tumelimaliza. Acha."

"Sasa tufanye nini?"

Mshale wa kipimajoto ulizidi kushuka.

Simu ya Odyek ikalia. Alizungumza Kilango, lugha ya kwao, kwa upole, kisha akakata.

"Mama anauliza kama limepoa."

"Umemwambiaje?"

"Kwamba linapoa."

Adhuhuri walisikia mlio ndani ya tanuri, mdogo, kama kijiko kikigonga kikombe. Wakatazamana. Ukaja mwingine. Odyek aliweka viganja kwenye blanketi, kama anayemtuliza mgonjwa.

"Ya Allah," Rukiah alinong'ona. "Basi. Basi jamani."

Milio haikukoma upesi.

Umeme uliporudi jioni, ulirudi kwa nguvu, ukaunguza nyaya za tanuri. Kesho yake walifungua wakakuta vipande.

"Tutaviyeyusha upya," Rukiah alisema, akamkimbilia Raisa, msimamizi wa karakana.

Raisa aliinamisha kichwa. "Nyaya zinaagizwa nje, dada yangu. Na muda wenu umekwisha. Wenzenu wanaingia Jumatatu. Ningeweza, ningewasaidia."

Odyek alivifunga vipande kwenye shuka. Rukiah akamsindikiza hadi kwenye stendi ya boda.

"Nikifika, nimwambie nini?" Odyek aliuliza, ameshapanda, furushi mapajani.

Rukiah alimsogelea. Alilishika tu fundo la shuka, akalikaza, ingawa lilikuwa limekazwa tayari, mpaka dereva alipowasha pikipiki na yeye akalazimika kuliachia.