Mtakatifu Mwenye Namba ya Stoo

Kitanda hakizai haramu, na kiwanda nacho ni hivyo hivyo. Kile cha El Salto, nje kidogo ya Guadalajara, kilizaa mashine elfu mbili za kupimia presha kila siku, na hata moja haikubeba jina lake. Zote zilibatizwa majina ya makampuni ya mbali, zikatiwa kwenye maboksi ya kupendeza, zikaenda zao bila kugeuka nyuma. Eduviges Barajas, msimamizi wa laini ya nne ya uundaji, alikuwa na miaka kumi na moja katika uzazi huo. Siku presha yake mwenyewe ilipopanda alipimwa kwa mashine aliyoifunga kwa mikono yake, na muuguzi akamwonya asiiguseguse, ni kitu cha ng'ambo.

Juu ya tanuri la laini ya nne, pale bodi za saketi za mashine zinapopita ili lehemu iyeyuke, alisimama Mtakatifu Yuda Tadei, mtetezi wa mambo yaliyoshindikana. Alikuwa wa plasta, urefu wa mkono mmoja, joho la satini la kijani, pua imemeguka. Eduviges alimweka mwaka ule ambao bodi tatu katika kila kumi zilitoka mbovu. Kesho yake mbovu zikapungua. Mafundi walidai ni kwa sababu walikuwa wamebadilisha feni. Wanawake wa laini ya nne waliwaachia mafundi feni yao.

Kisha akaja Injinia Baltazar Ocegueda, umri miaka ishirini na sita, shati limenyooshwa pasi hadi unaogopa kulisogelea. Ilikuwa Septemba, na mteja mkubwa kuliko wote alikuwa anamtuma mkaguzi wake siku ya Alhamisi. Akiona dosari, kazi ya laini ya nne ingehamishiwa kiwanda kingine huko Monterrey, na wanawake thelathini na wanane wangebaki kutazamana.

"Kisicho na namba kitoke," Injinia alisema, kidole kikimwelekea mtakatifu. "Huyu ana namba?"

"Huyu ni mtume, Injinia. Walikuwa kumi na wawili. Hesabu mwenyewe."

Laini nzima ikacheka. Injinia akawa mwekundu hadi masikioni.

"Bi Eduviges, sitanii. Hilo joho la satini linatengeneza umeme, ule unaokuchoma ukivua sweta. Cheche moja tu, bodi imekufa. Namba, waya wa kuupeleka umeme ardhini, na cheti cha uhakiki. Akikosa kimoja, Alhamisi nisimwone hapa."

Alipoondoka kicheko kikakatika. Eduviges aliogopa, na hakujificha. Mtakatifu akibaki, Monterrey. Mtakatifu akitoka, wasichana wake wangeshika vyuma vya kulehemu kwa hofu, bodi zingeharibika, na safari ingekuwa ile ile ya Monterrey. Lakini akayarudia maneno ya yule kijana, akaona kwamba hakukataa kitu. Alitaja vitu vitatu tu.

Kwenye stoo ya vifaa, Mzee Crescencio, mtunza stoo, alikuwa anakula mkate uliozama kwenye rojo la pilipili, kamasi zikimtoka.

"Mzee, nataka namba ya kifaa."

"Kinafanya kazi gani?"

"Kinazuia bodi mbovu."

"Kingekuwepo kitu kama hicho, si tungekiweka laini zote?"

"Wewe andika, pilipili isije ikakutoa roho kabla hujamaliza."

Mzee akafuta vidole, akafungua daftari. "Uzito?"

"Kilo mbili."

"Kinatumia umeme?"

"Hatumii."

"Mtengenezaji?"

"Andika Mungu."

"Mungu hayumo kwenye orodha ya wauzaji wetu, mama."

"Basi andika Tonalá, ndiko nilikomnunua."

Mtakatifu akapata namba 4471. Joho jipya walilishona kwa koti kuukuu la kazini, lile la kijivu lenye nyuzi nyeusi za kumeza umeme; likampwaya, akafanana na fundi wa zamu aliyekosa usingizi. Waya ukatoka kwenye kifundo cha mguu hadi ardhini. Cheti alikitia saini Padri Wenceslao wa parokia, maana fomu ilitaka mhakiki asiyeajiriwa na kiwanda. Penye njia ya uhakiki aliandika: maji ya baraka. Penye muda: kila mwaka, tarehe 28 Oktoba, siku ya mtakatifu mwenyewe.

Injinia alikisoma kile cheti mbele na nyuma, akitafuta kosa. Hakuliona.

"Nikifukuzwa kazi, ni juu yako," akasema.

"Ni juu yake," Eduviges akamjibu, akimwonyesha aliye juu ya tanuri.

Alhamisi akaja mkaguzi, Bwana Halvorsen, mrefu, mkimya, Kihispania chake cha kusomea vitabuni. Alipofika kwenye tanuri akasimama. Akatoa kipimo chake, akakigusisha kwenye waya. Taa ikawaka kijani. Akasoma namba, akasoma cheti.

"Kazi yake nini?"

Eduviges alisikia presha yake ikipanda bila mashine. Aliyejibu ni Injinia, jasho likimtiririka shingoni.

"Ni kinga, bwana. Dhidi ya mambo yaliyoshindikana."

Bwana Halvorsen akaandika. Ripoti ilipofika, ilisema vifaa kumi na kimoja vya laini ya nne havikuwa na karatasi zake. Kifaa namba 4471 tu ndicho kilichokamilika. Laini ingebaki El Salto kwa sharti moja: tarehe 31 Oktoba mkaguzi angerudi, na asikute cheti hata kimoja kilichopitwa na wakati.

Basi tarehe 28 Eduviges alimfunika mtakatifu kwa shali, akaelekea getini awahi misa. Nabor, mlinzi, akamzuia kwa tumbo.

"Mali ya kiwanda hiyo, Bi Edu. Haitoki bila hati yenye saini tatu."

"Asipobarikiwa leo cheti kinakufa, Nabor, na wewe utalinda uwanja mtupu."

"Nitaulinda kwa hati."

Saini mbili alizipata haraka. Ya tatu ilikuwa ya Injinia.

"Mwezi mzima ulitaka atoke," Eduviges akamwambia, akiweka hati mezani. "Leo anatoka kwa miguu yangu. Saini tu."

Injinia akachukua kalamu, akasita, akasoma chini kwenye maandishi madogo. "Kifaa kinachohakikiwa nje kisindikizwe na injinia," akasema, akavaa koti.

Kanisa lilifurika watu na watakatifu wao. Injinia alimkumbatia 4471 kifuani, waya ukining'inia. Padri alipoinua kinyunyizio, kijana wa watu akaruka.

"Taratibu na maji, Padri! Ni kifaa cha…"

"Mwanangu, huyu aliuawa kwa rungu. Maji anayamudu."

Padri akanyunyiza, akatia saini. Injinia akabandika stika mpya ya uhakiki kwenye kitako cha plasta: hadi 28 Oktoba mwaka ujao. Akaitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Kapata mwaka mzima," akasema polepole.

Hapo ndipo Eduviges alipokitazama kitambulisho kilichoning'inia shingoni mwa kijana. Wiki zote zile alikuwa akikiangalia kwa mbali tu, ili awaonye wenzake kwamba anakuja. Chini ya picha paliandikwa: mkataba, hadi 31 Oktoba.

"Wamekuambia nini kuhusu kuongezewa?"

"Hawajaniambia kitu. Na Bwana Halvorsen anarudi siku hiyo hiyo." Akajaribu kutabasamu. "Mama yangu anadhani nimeajiriwa moja kwa moja."

Eduviges aliona haya, haya ya kweli, kwa kila kicheko walichomcheka. Akamshika mkono, akamvuta mbele, akapaza sauti hadi bibi kizee wa benchi la kwanza akageuka.

"Padri, usiende na hayo maji! Kuna kingine hapa muda wake unaisha."