Upande wa Kulia

Mwalimu Stallworth alichora mstari mmoja katikati ya ubao, kutoka juu hadi chini.

"Kushoto, andikeni anachodai mwandishi. Kulia, andikeni ushahidi wake. Usianze kuandika jibu kabla hujajaza pande zote mbili. Mtihani hauulizi unampenda nani. Unauliza nani amethibitisha neno lake."

Nina miaka sitini na mmoja. Niliacha shule nikiwa na kumi na mitano nikaenda kukata kuku kiwandani, hapa hapa Alabama. Sasa kila Jumanne na Alhamisi jioni nasomea cheti cha sekondari katika chumba cha chini cha maktaba, na sifungui daftari kabla sijasali.

Jumanne ile tulipewa kazi ya nyumbani: chagua ubishi unaoujua, uupange kama utakavyofanya kwenye mtihani. Sikuhangaika kutafuta. Kushoto niliandika: Dada Ozella alitangaza kanisani kwamba Earlene hakumaliza shule. Kulia: aliniona.

Maana siku moja Ozella, muumini mwenzangu, aliniona nikishuka ngazi za maktaba na vitabu. Jumapili iliyofuata, jikoni kanisani, mwanamke mmoja aliniuliza, "Earlene, mmeshafika herufi gani?" Wote wakacheka. Nikajua ni Ozella. Jumatano kwenye ibada ya maombi nikasimama nikasema mbele ya watu kwamba kati yetu kuna mmbea, nikamtaja kwa jina. Ozella alikuwa mhudumu wa mlangoni kwa miaka kumi na tisa. Alivua glavu zake nyeupe za uhudumu, akaziweka juu ya meza, akatoka. Wiki saba zikapita kabla ya kazi ile ya nyumbani.

Alhamisi mwalimu alituambia tubadilishane kazi na jirani. Jirani yangu ni Hosea, dereva wa lori la kuku, mtu wa kelele.

"Mama Earlene, mwandiko wako kama wa malaika," alisema. "Lakini huku kulia mbona karibu peupe?"

"Nimeandika hapo. Soma."

"Umeandika 'aliniona.' Kukuona si kukusema. Hata mimi nimekuona. Ulimsikia?"

"Hapana."

"Kuna mtu alikwambia kamsikia?"

"Hapana."

"Basi huyu mama kahukumiwa bure!" Akacheka, kwa kuwa hakujua kwamba ni habari ya kweli. "Ukiandika hivi kwenye mtihani, unapata sifuri."

Uso uliniwaka. Nilirudisha karatasi ndani ya Biblia yangu, kisha nikaona hata hapo haistahili kukaa, nikaitoa. Kwenye gari nilijaribu kusali. Wiki saba nilikuwa nimemshukuru Bwana kwa kunipa ujasiri wa kusema kweli. Jioni ile sikupata neno.

Jumamosi nilikwenda kwa Ozella. Alifungua mlango wa wavu nusu tu.

"Earlene. Umepotea njia?"

"Nimekuja kuomba msamaha, dada."

"Wiki saba! Hata keki kwenye mazishi ya Shemasi Purvis uligawa ukaniruka."

"Nilikukosea."

"Ulinichafulia jina wapi?"

"Kanisani."

"Basi mbona unakuja kufulia barazani kwangu?"

Akauvuta mlango kidogo.

"Na hukuwahi kuniuliza kama nilisema."

"Ulisema?"

"Sasa ndiyo unauliza," alisema, akafunga mlango.

Jumapili, wakati wa ushuhuda, nilisimama na karatasi ile. Jumatano ile nilikuwa jasiri kwa sababu aibu haikuwa yangu. Niliwaambia ni kweli, sikumaliza shule, na kwamba huko ninakosoma hufundishwa kupanga kabla ya kujibu. Niliwasomea upande wa kushoto. Kisha nikainua karatasi waone upande wa kulia, wenye neno 'aliniona' peke yake.

"Sikuwa na kitu," nilisema. "Nilimhukumu dada yangu bila kitu."

Hakuna aliyeitikia "Amina." Mkuu wa wahudumu alizichukua glavu zile kabatini, akampelekea Ozella kwenye benchi la nyuma. Ozella alizipokea, akaziweka mapajani. Hakuzivaa. Nikakaa, nikiwa nimeishika karatasi, na mhubiri akafungua Neno.