Si Tisa, Si Kumi

Kila Ijumaa, jua likianza kuinamia msitu wa misonobari, Glike alipanda juu ya kigoda, akakunja mkono wa gauni lake, akaingiza vidole viwili kinywani mwa Bubu. Chini ya ulimi ule wa udongo kilikaa kipande kidogo cha ngozi kilichoandikwa Jina la Mungu. Akikichomoa, Bubu aliganda pale pale kando ya jiko. Akikirudisha Jumamosi, nyota zikishatoka, Bubu alipepesa macho na kwenda zake kuchota maji. Kinywa kile kilikuwa baridi sikuzote. Glike alijifuta vidole kwenye aproni, akawasha mishumaa ya Sabato, akamsahau.

Aliyemfinyanga alikuwa mumewe, Rabi Zalkind, kwa udongo wa ukingo wa mto, mwaka ule wezi wa farasi walipokuwa wakiuingilia mji wa Ostrovke watakavyo. Wezi walikoma baada ya usiku mmoja tu. Bubu akabaki, akawa wa kubeba maji na kupasua kuni, na watu wakamzoea. Glike hakumzoea, na wala tusimlaumu. Miaka yote ya ndoa yao hawakujaliwa mtoto. Kisha siku moja mumewe akarudi kutoka mtoni, matope hadi viwikoni, uso unamng'aa namna ambayo mkewe hakuwahi kuuona ukimng'alia yeye. Mke akiwaonea wivu wanawake wenzake, majirani humwelewa. Wivu juu ya lundo la udongo utamweleza nani?

Rabi alipokuwa akiugua, alimwachia neno moja. "Sabato isimkute Bubu na Jina kinywani, Glike. Huyu hajui kupumzika. Akishaivunja Sabato, hatamsikia tena mtu yeyote, na nguvu zake unazijua."

Homa iliyomchukua Rabi iliwachukua na wengine. Wazima walikuwa wamepeleka magogo mbali kuuza, theluji ikawafungia njia huko huko. Waliobaki mjini walikuwa wanaume tisa, na Kadishi, sala ya wafiwa, haisomwi mpaka watimie kumi. Glike alikosa usingizi kwa hilo. Mume hana mwana wa kumwombea, na sasa hata wa kumwombea kwa niaba hayupo. Kila upepo ulipotikisa kitasa cha mlango alimwona mumewe, amesimama nje kwenye baridi, anabisha.

Jumatano akafunga shali, akaenda sinagogi.

"Bado mmepungua mmoja," akasema.

"Tumepungua, Mama Rabi," akajibu Feivish, mtunza sinagogi, mzee mwembamba aliyekohoa kabla ya kila sentensi. "Labda Mungu atatuletea msafiri."

"Msafiri gani, kwa theluji hii? Mchukueni Bubu."

Leizer mchinjaji akacheka. "Haya. Na kesho tulichukue jiko, nalo lina tumbo."

"Jiko halikukuletea maji ulipokuwa kitandani unaweweseka, Leizer. Bubu alikuletea."

Feivish akakohoa kwa muda mrefu. "Neno la kumkataza silijui," akasema mwishowe.

"Na la kumruhusu?" akauliza Leizer.

"Hilo nalo silijui."

Basi wakamleta. Katika Ostrovke watu hawahesabiwi waziwazi, maana ni kumwonyesha Malaika wa Mauti pa kuanzia. Feivish alinyoosha kidole akakipitisha uso hadi uso. "Si mmoja, si wawili, si watatu…" Kidole kikafika kwa Bubu, kikasita. "Si kumi." Nyuma ya pazia la wanawake, Glike alimwona Bubu akiinua kichwa. Hakuna aliyekuwa amemwamuru kitu. Kisha Kadishi ikaanza, na Glike akalia mpaka pazia likamlowa mkononi, asijali tena nani kainua kichwa na nani kainamisha.

Ijumaa akapanda kigoda kama kawaida. Bubu akafumba mdomo.

Alidhani amekosea mahali pa kushika. Akajaribu tena. Midomo ile ilikuwa imebana kabisa, na juu yake macho mawili yalimtazama. Hayakuwa na hasira. Yalikuwa ya kuomba. Glike akashuka, akatuma jirani awaite Feivish na Leizer.

"Nina patasi nyumbani," akasema Leizer. Lakini alisema akiwa mlangoni, na hakuingia.

"Tulimhesabu," akasema Feivish. "Ukiutoa udongo Jina, umeutoa udongo Jina, basi. Lakini kumtoa Jina mtu aliyesimama na sisi kwenye sala…" Akakohoa, asimalizie.

"Basi mwacheni nalo," akasema Glike.

"Jua likizama akatoka na shoka? Aanze na kuni, amalizie na nyumba zetu?" akauliza Leizer.

Glike akatazama dirisha. Mwanga ulikuwa umefika kwenye ukingo wa meza, saa ambayo kwa kawaida mishumaa huwa imekwisha kuwekwa. "Tokeni," akasema. "Ni wa nyumba hii."

Walipotoka alikaa kwanza, maana alichoka. "Sikukupenda," akamwambia Bubu. "Nilitaka ulijue hilo kutoka kwangu mwenyewe. Ulichukua kilichokuwa changu, nikakutumikisha kwa hasira, na nilipokupeleka sinagogini nilikupeleka kama mtu anavyopeleka benchi. Sasa unataka kuishi, na mimi ndiye niliyekufundisha kutaka."

Bubu alisimama na ndoo yake.

Katika nyumba zote za Ostrovke, jioni ya Ijumaa, wazazi huwawekea watoto mikono kichwani na kuwabariki. Glike aliyajua maneno tangu alipokuwa yeye ndiye mwenye kubarikiwa. Hakuwahi kuwa na kichwa cha kuyasemea. Akapanda kigoda, akaweka mikono yote miwili juu ya utosi ule mkavu, akayasema, taratibu, mpaka mwisho. Alipofungua macho, Bubu alikuwa ameweka ndoo chini, na kinywa kimefunguka.

Akaingiza vidole. Safari hii mlikuwa na joto.

Akawasha mishumaa kwa mikono iliyopakaa udongo. Kesho yake, nyota zilipotoka, alikirudisha kipande cha ngozi chini ya ulimi, akasubiri. Akakitoa, akakigeuza, akakirudisha tena. Ubaridi ulikuwa umerudi, na Bubu hakupepesa macho. Kwa wiki ngapi alikuwa akizimwa na kuwashwa kama taa? Lakini wakati huo hakuwa mtu. Glike alikaa sakafuni kando ya miguu yake, akaupasua ukosi wa gauni lake, kama apasuavyo mama aliyefiwa.

Asubuhi aliwaambia wanaume wamwoshe kama anavyooshwa maiti yeyote. Yeye akasubiri uani. Baadaye Leizer akatoka, mikono imejaa matope hadi viwikoni, na Glike akageuza uso, kwa sababu alishawahi kuiona mikono ya namna hiyo.

"Mama Rabi," Leizer akasema, "kila tukimwagia maji anapungua."

"Mwagieni tu."

"Hatabaki kitu cha kuzika."

"Kitakachobaki kivisheni sanda. Ndivyo tunavyofanya kwa watu wote."

Ardhi ilikuwa imeganda, wakawasha moto ili iweze kuchimbika, karibu na kaburi la Rabi. Sanda ilibebwa na mtu mmoja, ikidondosha maji. Feivish akainama juu ya shimo, akakohoa.

"Lazima tumtaje," akasema. "Fulani, mwana wa fulani. Tuseme nani?"

"Bubu si jina la kwenda nalo," akasema Glike. "Semeni mwana wa Zalkind na Glike. Mungu atajua ni yupi, hatukuwa na mwingine."

Feivish akatamka hivyo. Kisha akanyoosha kidole kwa mazoea, huku anajua, na wote wanajua, kwamba wamepungua na Kadishi haitasomwa.

"Si mmoja, si wawili…" Kidole kilizunguka shimo. Kikampitia Feivish mwenyewe kifuani, kikampita Leizer. "Si tisa." Hapo palitakiwa kuwa mwisho. Kidole kikaendelea, kikasimama kwenye nafasi tupu upande wa kushoto wa Leizer. "Si kumi," Feivish akasema, na hakukohoa.

Akarudia, akianzia upande wa pili. Ikawa vile vile. Hakuna aliyeinua macho.

"Soma, Feivish," Glike akasema.

Feivish akaanza. Leizer, bila kugeuza kichwa, akasogea kidogo kumpisha aliyekuwa kando yake.