Ukingo wa Barafu

Nchi ya Umezo ilikuwa pana na yenye rutuba, lakini mito yake yote ilielekezwa kwenye ua mmoja, maghala yake yote yalifunguliwa kwa ufunguo mmoja, na raia wake walikwisha kuzoea kunyauka kimyakimya ili Mtukufu Limbiko azidi kunawiri. Kwa hiyo ilipobainika kwamba saratani iliyoanzia utumboni mwake ilikuwa imesafiri na kuweka makazi katika ini, hakuna aliyethubutu kuiita uvamizi.

Daktari Sikitu ndiye aliyeitwa kuigandisha. Mumewe, Mahedu, aliwekwa rehani katika chumba cha chini, kama ilivyokuwa desturi kwa kila anayeugusa mwili wa mtawala: Mtukufu akifa, rehani naye hatoki.

"Sindano ya gesi baridi itaugeuza uvimbe uwe donge la barafu, Mtukufu," alisema Sikitu. "Lakini barafu sharti ivuke ukingo wa uvimbe, imege na nyama nzima, upana wa kidole hivi. Mabaki ya ugonjwa hujificha hapo."

"Nyama yangu nzima?" Limbiko aliangua kicheko. "Binti yangu, umekuja kunitibu au kunimega? Mwisho ukingoni!"

Alikataa kulazwa usingizi. Akatiwa ganzi tu, akaikodolea macho skrini, ambamo donge lilikua kama mwezi mweusi. Nyuma ya daktari alisimama Kirungu, mlinzi wa Mtukufu. Donge lilipofika ukingoni, Sikitu alimkumbuka Mahedu: akikomea hapo, ugonjwa utarudi, na watakufa wawili. Mkono wake haukufunga gesi. Barafu ikavuka.

"Mwizi wewe! Kirungu, chomoa hiyo sindano!"

"Imegandamana na ini!" Sikitu alipiga ukelele. "Ikitoka kabla barafu haijayeyuka, ini litapasuka, atavuja damu hadi afe!"

Limbiko alibadilika rangi. "Ngoja!"

Vidole vya Kirungu vilikwisha kuikamata sindano. Katika Umezo hakuna amri iliyowahi kutenguliwa. Waliositasita baada ya amri ya kwanza walinyongwa, na mnyongaji alikuwa Kirungu mwenyewe.

"Mtukufu, unanipima?" aliuliza kwa unyenyekevu, jasho likimchuruzika. "Nitii ipi?"

Limbiko akafumbua kinywa. Baridi ilikuwa imempanda hadi tayani. Meno yakagongana, yakazidi kugongana, neno lisitoke, na Sikitu, aliyekuwa akimwombea neno moja tu, aliona vidole vya mlinzi vikikaza.