Namba ya Mama

Asubuhi mama alipopakwa namba, mimi nilikuwa nyuma ya jiko la kambi nasugua soli za viatu vya wanafunzi. Ndiyo kazi yangu siku zisizo na shule: kuchokonoa kila mbegu iliyonasa kwenye matope, maana mbegu ya kisiwa kimoja haitakiwi kufika kisiwa kingine. Nilisikia wanacheka kule jikoni, mama naye anacheka, nikaendelea kusugua.

Kambi ni ya Profesa Hedda. Kila mwaka analeta wanafunzi kutoka Ulaya wajifunze kwa mikono yao. Wanamnasa iguana wa baharini, mjusi mkubwa anayekula mwani, kwa kitanzi kilichofungwa kwenye ufito, wanampima, wanampaka namba nyeupe ubavuni, wanamwachia arudi kwenye miamba. Mama yangu, Domitila, alikuwa mpishi wao.

Mwaka huo bahari ya visiwa vyetu vya Galapagos ilikuwa vuguvugu kama chai iliyosahauliwa mezani, na mwani ukafa. Mwani ukifa, iguana hupungua. Si kukonda tu, hata mifupa inafupika, na mwani ukirudi nao wanarudia urefu wao. Kwetu hilo kila mtoto analijua. Samaki nao wakaondoka, meli ya viazi na mchele ikawa haiji, na mama akaanza kupungua. Kwanza aproni ikawa inaburuza. Halafu akawa anapika amesimama juu ya kreti la soda, halafu juu ya makreti mawili. Jirani yetu Obdulia ndiye aliyekuwa akimkunjia pindo za magauni.

"Domitila, ukizidi hivyo sokoni nitakubeba kikapuni," alimwambia.

"Nibebe tu, ila usiniweke karibu na samaki."

Siku ya kupakwa namba upepo ulikuwa mkali na wanafunzi walishindwa kwenda miambani. Profesa akasema si vibaya wafanyie mazoezi kwa mpishi, maana ametulia. Mama akakubali, kwa kuwa ndizi zilikuwa motoni na alitaka wamalize upesi. Wakampima huku anamenya. Namba wakaipaka mkononi, rangi ileile ya iguana, ambayo haitoki mpaka ngozi ijichubue yenyewe.

Jioni akaja mjomba Wilmer. Yeye ni askari wa hifadhi, na ni mdogo wake mama. Akaiona namba, akavua kofia. Kisha akatoa futi yake ya kupimia na kunivuta nyuma taratibu mpaka mita mbili zikatimia kati yangu na mama. Kwa sheria, chenye namba ni mali ya hifadhi. Asiye na kibali haruhusiwi kukikaribia, kukigusa wala kukilisha.

"We Wilmer," mama akasema, "mimi ndiye niliyekuogesha."

"Najua, dada. Ndiyo maana nimekuja mwenyewe, wasije wengine."

"Na supu?"

"Supu ni kulisha."

Akanieleza pembeni kwamba nikikutwa nimemgusa, watamhamishia kisiwa kisichokaliwa na watu, na huko hata kumwona kwa mbali sitamwona. Alikuwa amewahi kuwapeleka wengine kwa boti yake, iguana wawili na kasa mmoja. Nikasema sawa, mjomba.

Jikoni pia hakuruhusiwa kukaa, kwa sababu wanyama hawaingii jikoni. Wanafunzi wakambeba hadi kwenye miamba nyuma ya gati. Mjomba akalaza kamba, mimi upande huu. Wao walikuwa na vibali, basi walishinda naye. Walikuwa watu wazuri. Alichokula walikiandika, ila hawakumpa chochote, kwani wangeharibu matokeo. Alikula mwani uliobaki, mchache, na akaanza kupiga chafya za chumvi kama wenzake wa pale mwambani.

Siku moja nywele zilimfumuka. Msichana mmoja wa kizungu akajitolea kumsuka, lakini hakujua. Nikawa namwelekeza toka kwenye kamba, gawa tatu, vuta, usivute sana, ana kidonda cha kichwa. Alisuka vibaya. Mama akasema zimependeza.

Daktari wa zahanati alisema yeye hutibu watu. Wa mifugo alisema wa porini huachwa, asili ifanye kazi yake. Mjomba Wilmer alikuwa anapita kila asubuhi kuangalia kamba. Akifika, anageuka kutazama volkano, anasimama muda mrefu hivyo, mgongo umetuelekea. Siku moja nikaelewa kwamba ananipa nafasi. Nikainua mguu kuvuka.

"Rudi, Nereida," mama akasema. "Watamfukuza kazi, kisha watanipeleka. Rudi, mwanangu."

Nikarudi.

Masomo yakaisha. Wanafunzi walilia, wakampiga picha, wakaondoka na boti ya asubuhi, na viatu vyao nilikuwa nimevisugua vyote. Profesa Hedda alinikumbatia akaniacha na namba yake ya simu, akisema niandike nikiwa na swali lolote. Sasa pale mwambani hakuna mwenye kibali hata mmoja. Mama amekuwa kimo cha chupa ya chai. Ananiuliza habari za shule, na sauti yake lazima niitegee sikio, hasa mawimbi yakipiga.

Jumapili nilipata mtandao kule gatini, nikaandika:

"Profesa, ni Nereida wa viatu. Maji bado ni ya moto na mwani haujarudi. Mama anazidi kupungua. Tafadhali waandikie hifadhi kwamba ile namba ilikuwa ya mazoezi tu, ili nimpe supu. Hata mstari mmoja unatosha."

Alama mbili zikatokea, zikageuka bluu. Juu pakaandikwa kwamba anaandika. Nikamwambia mama, anaandika. Mama akajikokota mpaka ukingoni mwa jiwe, akakaa tayari.

Kisha yale maneno yakapotea. Jumapili nyingine imepita, na chini ya ujumbe wangu hakuna kitu.